Kunguru Amelala Keko

Tegeta, Dar es Salaam
6 Oktoba 2024

Babu Leodegar,

Shikamoo. Ningeweza kumtumia Benedicta anayekaa nawe ujumbe kwenye simu yake akuoneshe, lakini najua utasema herufi zake ni za sisimizi. Kwa hiyo nakuandikia kama tulivyozoea tangu masikio yako yaanze kugoma: karatasi yenye mistari, kalamu ya buluu, na bahasha ya kumkabidhi kondakta wa basi la Bukoba.

Huku tuko wazima. Mama bado anafundisha shule ileile, na siku hizi anarudi jioni sana kwa sababu ya foleni. Mgomba ulioupanda nyuma ya jiko umezaa mkungu, ila jirani anasema ndizi za Tegeta haziwezi kuwa ndizi. Kidato cha tatu ni kigumu lakini nakiweza. Insha yangu ilichaguliwa isomwe mbele ya shule nzima. Nikamwomba mwalimu aisome mtu mwingine, akaisoma Anastasia, na watu wengi sasa wanadhani ni yake. Sijali sana. Nimemaliza kitabu kuhusu mito ya Afrika na sasa nasoma kingine kuhusu nyota.

Mvua za vuli hazijaanza. Kunguru yupo, amepumzika.

Mama na Baba wanakusalimu.

Mjukuu wako,
Kokuberwa


Kamachumu
13 Oktoba 2024

Mama Kokuberwa,

Marahaba. Jina la mama yangu umelibeba wewe, kwa hiyo nitaendelea kukuita Mama hata ukinuna.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa miwani. Kurasa mbili nzima! Nimejua habari za mgomba, za nyota na za huyo Anastasia. Gari langu limepata nusu mstari, tena mwishoni, baada ya mvua ambazo hazijanyesha.

Waitu, gari si bata, eti lipumzike. Nililinunua kwa daktari wa Kijapani aliyekuwa anarudi kwao, nikiwa karani wa bandari, kijana mwenye kiuno. Milango miwili, jeusi tii, boneti jeupe. Watu wa Temeke ndio waliolipa jina la Kunguru, na walipoona linavyokwenda wakaacha kucheka. Nimelipeleka kazini, kanisani, na hospitali usiku baba yako alipozaliwa. Halikuwahi kupumzika.

Nilipohamia huku nilikuachia wewe ufunguo wa akiba na kazi moja: kila Jumamosi ufungue boneti, ujaze maji kwenye rejeta, kisha uniandikie. Baba yako, Venance, nilimpa ruhusa ya kuendesha tu.

Sasa niambie. Nani aliendesha? Alifika wapi? Jibu kama uko kwenye mtihani.

Babu yako,
Leodegar


Tegeta
18 Oktoba 2024

Babu,

Shikamoo.

Jibu la kwanza: Baba. Jibu la pili: alifika Afrikana.

Baba hakuniambia nidanganye. Alisema, "Koku, tungoje kwanza fundi aseme." Nikangoja, halafu nikakuandikia mambo ya mgomba.

Tulikuwa tunakwenda Mwenge, kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa rafiki yake. Asubuhi ileile nilikuwa nimejaza maji kwenye rejeta hadi shingoni, kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Tulipopita Mbuyuni mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikasema, "Baba, mshale." Nilisema kwa sauti yangu ile unayoijua, ambayo hata paka hageuki. Baadaye nikasema tena. Baba akajibu, "Nimeuona. Mbele kuna kituo cha mafuta. Siwezi kusimama katikati ya barabara na gari la mzee, watu wakaanza kunipiga picha."

Foleni haikusogea. Ikasikika sauti kama mtu anayegonga mlango kwa nyundo, mvuke ukatoka kwenye boneti, na injini ikazima. Baba alipojaribu kuwasha haikugeuka hata kidogo.

Vijana wa bodaboda walikuja kusukuma. Mmoja alisema, "Mzee, ndege kagoma kuruka!" Mwingine akamjibu, "Basi ashuke atembee, si ana miguu?" Walicheka lakini walisukuma kweli, hadi pembeni kabisa. Baba hakucheka. Alikaa kwenye usukani, mikono yote miwili juu yake, kama bado anaendesha.

Brekdauni ilitupeleka Keko kwa Fundi Marselino. Gereji yake iko katikati ya maseremala, kwa hiyo Kunguru sasa amelala kati ya vitanda vipya na makabati, amejaa vumbi la mbao. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akasema maji yameingia kwenye oili, na kwamba injini lazima ifunguliwe.

Nisamehe kwa nusu mstari.

Kokuberwa


Kamachumu
24 Oktoba 2024

Mama Kokuberwa,

Wewe sina neno nawe. Uliutaja mshale kwa sauti yako ndogo, na aliyetakiwa kusikia ana masikio mazima mawili.

Huyo ndiye Venance. Tangu utoto anaona kitu kinaungua na anasema mbele kuna pa kusimama. Mshale ule Wajapani hawakuuweka uwe pambo! Gari lilivuka miaka yote ile mikononi mwangu, yeye ameliua kwa sababu ya aibu ya kupigwa picha.

Nimeamua hivi. Injini iliyokufa sitaki kuiona wala kusikia habari zake. Pale Kimara kuna Rogers, mtoto wa karani mwenzangu, amelitaka gari hilo siku nyingi. Anataka bodi tu, injini atatia anayoijua mwenyewe. Nimeshamwandikia. Atafika Keko na roli Jumamosi ya tarehe 16 Novemba alichukue.

Krismasi njoo na mama yako kama kila mwaka, chumba chenu kipo. Baba yako abaki huko huko na mshale wake. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze makali. Wewe una tabia ya kupunguza makali.

Babu


Tegeta
2 Novemba 2024

Babu,

Shikamoo. Nilimwambia Baba bila kupunguza. Aliitikia "Sawa", akaenda kumwagilia mgomba wako.

Leo asubuhi tulikwenda wote wawili Keko kuona injini ikifunguliwa. Naomba usome barua hii yote kabla ya kukasirika.

Fundi Marselino ni mtu wa Mtwara, na utani haumwishi. Alipotuona akasema, "Nyie Wahaya bwana! Gari limekufa na bado mmelivalia nguo za kanisani."

"Halijafa," nikasema.

"Haya, nshomile mdogo, msomi wetu. Sogea hapa, usiogope grisi."

Alikuwa ameinua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na kuiweka juu ya benchi la seremala. Injini yenyewe chini ilipopoa iligeuka. Pistoni zimepona, kuta za silinda zimepona. Lakini hedi ina ufa kati ya valvu mbili, na matundu ya kupitishia maji yalikuwa yamezibwa na kitu cheupe kigumu. Mengine hata njiti ya kiberiti haipiti. Aluminiamu ya pembeni imeliwa, imekuwa na vishimo kama mkate.

Fundi akakwangua ule weupe kwa bisibisi. Akaniuliza, "Nyumbani chai mnachemshia maji gani?"

"Ya kununua."

"Si nasikia mna kisima?"

"Kile ni cha kufulia na kuogea. Yana chumvi. Ukiyachemsha, birika linaota ganda je..."

Sikumaliza neno, Babu. Baba naye alinitazama, akakaa juu ya stuli ambayo haijapigwa msasa.

Ulipoondoka bomba la uani lilikuwa na maji ya mjini. Miezi michache baadaye Baba alichimba kisima, akaunganisha bomba lilelile. Wewe ulisema kila Jumamosi nijaze maji ya bomba la uani, na mimi sikuruka hata Jumamosi moja. Nilijaza hata nilipokuwa na malaria. Huko kwako maji ya bomba ni ya mlimani, ukiyachemsha hayaachi kitu. Hapa nilikuwa namnywesha Kunguru chumvi, wiki baada ya wiki, nikikuandikia kwamba kila kitu kiko sawa.

Mshale ulipopanda siku ile, maji yalikuwa yamejaa ila hayakuwa na pa kupita. Fundi anasema hata kama Baba angesimama pale pale Mbuyuni, hedi ilikuwa imeshaliwa. Kosa hili lina agizo lako, kisima cha Baba na mkono wangu. Si haki alibebe mmoja.

Fundi ana njia mbili. Ya kwanza, kutoa injini nzima na kufunga ya basi dogo, ambayo anayo tayari. Ya pili, kuchomelea ule ufa, kuipeleka hedi kwenye mashine isawazishwe, na kubadilisha rejeta. Hii inahitaji muda na mkono mzuri.

Naomba umzuie Rogers. Pamoja na barua hii kuna chupa ya maji ya kisima chetu. Usinywe.

Kokuberwa


Kamachumu
8 Novemba 2024

Mama Kokuberwa,

Barua imefika. Chupa haijafika, konda anasema aliweka mahali na hapakumbuki.

Unaandika vizuri kama wakili, na mawakili ndio watu nisiowaamini. Kisima kisima! Mshale ni mshale. Mtu akiuona umepanda anasimama, maji yawe ya chumvi au ya sukari.

Na hedi ya kuchomelea naijua. Ni kama meno yangu ya bandia, yanakaa vizuri mpaka siku ya nyama. Ya kufunga injini ya basi dogo usiyaseme tena mbele yangu.

Rogers atakuja Jumamosi kama nilivyomwandikia. Mpe ufunguo.

Babu


Tegeta
17 Novemba 2024

Babu,

Shikamoo. Sikumpa ufunguo.

Barua yako ilifika Jumanne. Jumatano baada ya shule Baba alinipitia, tukaenda Keko. Fundi Marselino alikuwa anataka jibu, maana injini ile ya basi dogo kuna mtu mwingine anaililia. Baba akasema, "Koku, hili ni gari la babu yako. Muulize yeye." Lakini barua ingekwenda na kurudi Rogers ameshafika. Nikaangalia ile hedi. Ufa wenyewe ni mfupi kuliko kidole changu cha mwisho. Chini yake pistoni zote nzima, zinang'aa. Nikasema, "Chomelea."

Fundi akauliza, "Nani amesema?"

Nikarudia, "Mimi. Chomelea."

Akamtazama Baba. Baba akasema, "Umemsikia."

Jana Rogers alikuja. Ni mtu mpole, ana tai hata Jumamosi, na roli lake lilikuwa limeziba njia yote ya maseremala. Hedi ilikuwa bado iko kwenye mashine, Kunguru yuko wazi kifuani. Baba alitaka kwenda kuzungumza naye, nikamwomba aniachie. Nilikuwa nimeshajua la kusema.

"Shikamoo. Gari hili haliondoki leo."

"Marahaba binti. Nipishe tu, vijana wangu walipakie. Nina barua ya mzee mwenyewe."

"Mimi ninazo tatu," nikasema.

Zilikuwa kwenye begi la shule. Maseremala wakaacha msasa. Mmoja akapiga kelele, "Zisomwe! Sista, soma, tusikie!" Nikasimama karibu na kabati moja lisilo na milango, nikasoma ile ya tarehe 13 Oktoba. Nilipofika pale uliposema uliniachia mimi ufunguo wa akiba, na kwamba Baba ulimpa ruhusa ya kuendesha tu, nikasoma mara mbili. Sauti ilitoka, Babu. Ilifika hadi kwa mama anayeuza uji ng'ambo ya barabara, kwa sababu alipiga makofi.

Nikamwambia Rogers kwamba barua yake inasema injini imekufa, na kwamba hilo si kweli. Akitaka aingie aone. Akaingia, akainama, akazungusha injini kwa mkono wake, pistoni zikapanda na kushuka. Tai yake ikashika oili.

"Sasa mie nimekodi roli bure?" akauliza.

"Si bure, braza," Fundi Marselino akasema. "Pale nje kuna kabati la milango sita linakwenda Kimara, mteja kasubiri hadi kachoka. Lipakie, utalipwa nauli."

Akalipakia. Aliondoka akiniambia nimsalimie mzee.

Najua ulisema nimpe ufunguo. Nimekataa, na naandika hivyo bila kupunguza makali. Baba alimwendesha Kunguru kwa sababu alikuwa na furaha ya kwenda kikaoni na gari lako. Tangu siku ile anakwenda Keko kila jioni baada ya kazi, anaosha vyuma kwa mafuta ya taa, kimoja kimoja, na kucha zake hazisafishiki tena. Wewe hukumwona. Mimi ninamwona.

Chupa nyingine hii hapa. Nimemkabidhi kondakta mwanamke.

Kokuberwa


Kamachumu
25 Novemba 2024

Mama Kokuberwa,

Rogers alimpigia Benedicta simu akalalamika nusu saa. Benedicta akaniandikia kwenye karatasi: "Koku amemrudisha Kimara na kabati." Nikamwambia aandike tena, nikadhani ameandika vibaya.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu chupa ikafika.

Nilichukua sufuria mbili zinazofanana. Moja nikatia maji yako, nyingine maji yetu. Nikaziweka jikoni na kukaa hapo hapo kwenye kigoda, wanawake wakanicheka kwamba mzee anapika maji bila chai. Zikakauka. Sufuria yetu ilibaki nyeupe kama sufuria. Yako ilibaki na ganda. Nimelikwangua kwa kijiko na kwa kisu, na halikutoka lote.

Nilikwambia ujaze maji ya bomba la uani. Sikukuuliza bomba limeunganishwa na nini. Karani wa bandari aliyekuwa anakagua meli nzima hakuuliza maji yanatoka wapi.

Mama yangu naye hakuwa na sauti kubwa. Siku alipoipata, wajomba zangu waliokuwa wanakaa kwetu bure walirudi kwao.

Ndani kuna bahasha nyingine. Ni ya Venance. Usiifungue, na usimuulize.

Mkimaliza hiyo kazi niambieni kama inashika. Sisemi itashika.

Babu yako,
Leodegar


Tegeta
14 Desemba 2024

Babu,

Shikamoo.

Sikuifungua na sikumuuliza. Baba aliisomea uani, amesimama, halafu akakaa juu ya ndoo akaisoma tena. Sasa anatembea nayo kwenye mfuko wa shati. Mama alipotaka kulifua shati lile aliitoa, akalifua, akairudisha. Hayo tu ndiyo ninayoyajua.

Hedi ilirudi kutoka kwenye mashine ikiwa sawa kama kioo. Tulipowasha mara ya kwanza ilivuja pembeni, tone baada ya tone, na nilifikiri utafurahi. Fundi Marselino akaifungua yote, akaweka gasketi mpya, akakaza nati kwa mpangilio kuanzia katikati kwenda nje, mimi nikimsomea namba kutoka kwenye kitabu cha gari. Alisema nisome kwa nguvu kwa sababu ya misumeno. Nikasoma kwa nguvu.

Tulipowasha mara ya pili Kunguru alikohoa vumbi la mbao, akatulia. Tukamwacha akinguruma hadi mshale ukapanda nusu, ukakaa hapo. Maseremala waliweka dau kwamba utaendelea kupanda. Haukuendelea. Ndani ya rejeta sasa kuna dawa ya kupoza, ile ya kijani, na bomba la uani limewekewa kibao: SI LA GARI.

Wiki iliyopita tulikwenda Bagamoyo na kurudi. Juzi tukaenda Chalinze. Kijiti cha oili kikitoka ni cheusi safi, hakuna maziwa. Inashika, Babu.

Kwa hiyo Baba ameamua tuje kwako na Kunguru, na mimi nimekubali. Kesho asubuhi Mama anapanda basi la Bukoba na barua hii mkononi mwake, atakuwa kwako Jumatatu. Kunguru ana viti viwili vinavyofaa kwa safari ndefu, na vyote vina watu. Tutalala Singida, halafu Kahama. Basi litafika kwanza na haidhuru, hatushindani na mtu. Kila mlima mrefu tutasimama tukague, wapiga picha wapige wanavyotaka. Tumegawana kazi: Baba atatazama barabara, mimi nitatazama mshale, na nikisema neno anasimama hapo hapo. Tumeshafanya mazoezi. Fundi anasema sasa nina sauti ya kondakta.

Wewe anza kukaa barazani Jumanne mchana. Honi hutaisikia, kwa hiyo tazama njia.

Mjukuu wako,
Kokuberwa